Kupima udongo wa karo la maji taka: kumwaga maji au kusoma tabaka?

Anayejenga kijijini, mahali pasipo na bomba la maji taka, hana budi kujua kama kiwanja chake kitanyonya maji yatokayo kwenye tangi la septiki. Njia iliyozoeleka zaidi ni kumwaga maji: huchimbwa shimo lenye upana wa sentimita 30 hivi, hadi kina cha mtaro wa kunyonyea (mtaro unaopeleka maji ya tangi ardhini), likajazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe, kisha hupimwa muda ambao maji hushuka milimita 25. Yakichukua zaidi ya saa moja, kanuni nyingi za Marekani huukataa udongo huo kwa mtaro wa kawaida.

Njia ya pili ni kuchimba shimo la kuingia mtu na kusoma ukuta wake. Inahitaji vibarua na jicho lililofunzwa, lakini huonyesha mwamba, tabaka la mfinyanzi, na mabaka ya kijivu na rangi ya kutu yanayofichua mahali maji ya ardhini hufika wakati wa masika, hata kama siku hiyo shimo ni kavu.

Katika udongo mweusi wa mbuga ningeanza na shimo kubwa, kwa kuwa nyufa za kiangazi humeza maji haraka na kutoa matokeo ya kuvutia, ilhali mvua zikinyesha udongo huohuo huvimba na kuziba. Kwenye kichanga kisicho na tabaka ngumu, kumwaga maji kunatosha kupima kasi; hofu huko ni kasi iliyozidi, kwani maji machafu hupita kabla hayajachujwa vya kutosha, hasa kisima kikiwa karibu.