Tundu Lipi la Ndege Linafaa Nyumba za Pwani ya Mtwara na Lindi: Manne Yaliyopangwa kwa Ubora

Mkazi wa Shangani, Mikindani au Lindi mjini hawezi kuchagua tundu la ndege kwa vigezo vile vile vya mkazi wa Dodoma, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma hata kikiwa sebuleni, na ndege wa jamii ya kasuku hutumia mdomo wake kupandia na kutafuna kila kilicho mbele yake, hivyo kutu na rangi inayobanduka huishia tumboni mwake. Ndiyo maana katika mpangilio huu nimetanguliza nafasi ya kuruka na aina ya madini yanayomgusa ndege, na urembo nimeuweka nyuma kabisa. Mfano wangu ni jozi ya bajeriga, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, ambao humfaa mtu anayeanza kufuga.

Nafasi ya kwanza ni ya tundu la kuagiza kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Wachache huwafikiria mafundi hawa wanapotafuta tundu, ilhali kwao utapata fremu isiyoshika kutu, vipimo unavyovitaka mwenyewe na mlango unaofunga sawasawa. Mweleze fundi kwamba upande mrefu uwe wa mlalo na usipungue sentimita 75, na kina na kimo visipungue sentimita 45 kila kimoja, maana ndege huyu huruka kutoka upande hadi upande, wala tundu la kwenda juu lililo jembamba halimpi mazoezi yoyote. Jicho la wavu lisizidi sentimita 1.2, kwani bajeriga akipenyeza kichwa anaweza kunasa. Omba pia trei ya kuvuta chini, ili usafi wa kila siku usimsumbue ndege.

Penye kuhitaji umakini ni wavu wenyewe. Wavu wa stenlesi ndio bora, lakini unaopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni ule uliopakwa zinki, na zinki ikimezwa humdhuru ndege: hupoteza hamu ya kula, hunyong'onyea, choo chake huwa cha majimaji, na anaweza kufa. Ukilazimika kuutumia, usugue kwa brashi na siki, uusuuze kwa maji mengi, uuanike juani, kisha urudie kazi hiyo. Hatari hupungua kwa njia hiyo, lakini haiishi, na kwa ndege mwenye tabia ya kutafuna waya kutwa nzima singekubali kingine zaidi ya stenlesi.

Nafasi ya pili ni ya tundu la dukani, la waya uliopakwa rangi kiwandani, ambalo wengi wetu huliagiza Dar es Salaam na kulipokea kwenye basi. Ni jepesi na husafishika haraka. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye viungo na bawaba za mlango, kwa sababu hapo ndipo rangi huanza kubanduka. Likiwa limekwaruzika tangu dukani, miezi michache ya pwani itatosha kuleta kutu. Vijiti vya plastiki vinavyokuja nalo huwa na unene mmoja, jambo linaloumiza nyayo, hivyo viondoe uweke matawi ya mpera yenye unene tofauti. Matawi ya mkorosho nisingeyatumia, ingawa yamejaa kila upande, kwa kuwa mti huo ndio wenye maganda ya mbegu yanayotoa mafuta ya kuchoma ngozi.

Tundu la mbao na wavu, kazi ya fundi seremala, nimeliweka la tatu. Ni la bei nafuu na humfaa njiwa, lakini bajeriga huitafuna mbao, na utitiri hujificha kwenye nyufa za viungo mchana na kumnyonya ndege damu usiku.

La mwisho ni tundu la mviringo la urembo. Lina nafasi ndogo ya kuruka, halina kona ambayo ndege mwenye hofu angejibanza, na hakuna bei inayoweza kunishawishi kulipendekeza.

Anayewaza kasuku wa kijivu atahitaji tundu kubwa na imara kuliko haya yote, lakini kwanza aombe nyaraka za ndege huyo, kwani tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali.

Vipimo visichukuliwe kabla ya kuamua tundu litakaa wapi. Jikoni hapafai kabisa: mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika, moshi wa mkaa humtesa, na mvuke wa kikaango kisichogandisha kilichopata moto kupita kiasi unaweza kumuua kwa muda mfupi. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo iwekwe chumba kingine. Upande mmoja wa tundu uegemee ukuta, mbali na mlango unaoelekea baharini, na katika miezi ya kusi, upepo unapovuma usiku kucha, lifunikwe kwa kanga pande tatu, upande wa nne ukiachwa wazi ili hewa ipite.