TAHADHARI kwa mnaopaua: "mbao za dawa" za huyu muuzaji zimechovywa rangi tu

Ndugu zangu mnaojenga Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na ninyi mlioko Dar mnaotuma hela ndugu wawasimamie ujenzi nyumbani, naomba msome hili kabla hamjalipia mbao za kupaulia. Kuna muuzaji anajitangaza kwenye makundi ya ujenzi ya WhatsApp na Facebook kwamba ana mbao za dawa, yaani zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, kutoka Mafinga na anakuletea mpaka saiti. Mbao anazoleta hazina dawa. Zimechovywa rangi ya kijani. Mimi nimepaulia nyumba nzima kwa mbao hizo, na mwezi huu ndiyo nimemaliza kulibomoa paa lote na kupaua upya.

Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na ule ukurasa alioninasia mimi keshaufuta. Jina atabadilisha. Anavyomnasa mtu ndivyo ambavyo habadilishi, kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua.

Mimi ni mwalimu, najenga Isyesye, Mbeya. Boma langu lilichukua miaka minne kusimama: mwaka mmoja msingi, mwaka mwingine matofali ya kuchoma, kisha mkopo wa SACCOS ukaingia wote kwenye linta. Anayejenga kwa mshahara ananielewa. Msingi unameza hela iliyo chini ya ardhi ambayo hakuna anayeiona, na ukifika kwenye paa mfuko umeshachoka. Boma langu lilikuwa limenyeshewa misimu miwili, matofali ya juu yameanza kumeguka, na mama yangu mzazi alikuwa anasubiri nyumba iezekwe ahamie. Muuzaji wa namna hii anamtafuta mtu aliye kwenye hali hiyo hasa, mwenye haraka na bajeti iliyobana.

Fundi alinipa orodha, vipimo kwa inchi: 2x4 vipande 180, 2x3 vipande 90, 2x2 za kupigilia bati 150, na fisha bodi (mbao za ukingoni mwa paa) 16. Nikazunguka soko la Mwanjelwa kuuliza bei. Huyo muuzaji, nilipoandika kwenye kundi kwamba natafuta mbao, alinipigia ndani ya dakika kumi. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, akanipa "ndaga fijo" ya kunishukuru kwa kupokea simu, akaniambia: "Mama mwalimu, mimi sina duka, ndiyo maana bei yangu iko chini. Natoa mashineni, napeleka kwenye dawa, naleta kwako." Kwa mzigo wote pamoja na usafiri alitaka 2,825,000. Tofauti na Mwanjelwa ilikuwa kama laki sita. Laki sita ni milango miwili.

Sikukurupuka, na hili nalisema ili mjue huyu mtu amejipanga. Nilimwomba sampuli. Akatuma kipande cha futi mbili kwa basi. Fundi akakikata mbele yangu, ndani kijani safi. Akanitumia na video ya tanki kubwa la kutilia dawa, mbao zinaingia kwa reli. Baadaye niliikuta video ileile kwenye ukurasa wa watu wengine kabisa. Lakini siku ile niliona na kushika, nikaridhika, nikatuma 1,500,000 ya kutangulia. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mke wake, ndiye anayetunza hesabu.

Lori lilifika Aprili 2023, saa moja kasoro jioni, mvua inanyesha. Dereva anasema ana mzigo mwingine wa kuuwahi Tunduma. Safu za juu zilikuwa mbao nzuri, kavu, zimenyooka. Tulishusha na vijana wanne, tukahesabu kwa tochi ya simu, idadi ikatimia, nikalipa 1,325,000 iliyobaki. Risiti ikawa ya kuandikwa kwa mkono, imeandikwa "mbao mchanganyiko", mhuri hausomeki.

Asubuhi viganja vya wale vijana vilikuwa kijani. Fundi akaniambia, "Mama, hizi zinatoa rangi." Nikapiga simu. Muuzaji akajibu kwa upole kabisa kwamba dawa ikiwa mpya huchuja kidogo, zikauke tu. Kuna ukweli ndani yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: mbao iliyotoka kwenye dawa juzi inaweza kweli kuacha rangi mkononi. Tulipozipima, 2x4 zake zilikuwa na inchi moja na nusu kwa tatu na robo. Zilikuwa nzito kwa maji, na katikati ya nyingi ulikuwa unaona kile kiini laini cha mti. Fundi alitaka tuzirudishe. Nikamwambia atazirudisha nani, na hela imeshaenda? Tukapaua Mei.

Septemba kenchi zilikuwa zimepinda. Ukisimama barabarani unaona bati limefanya mawimbi, na misumari imeanza kujitoa. Novemba 2024 tukafunga gipsamu vyumba viwili. Wiki chache baadaye mama akaanza kufagia unga sakafuni kila asubuhi, mlaini kama sembe. Fundi akapanda darini na bisibisi. Ilizama kwenye 2x4 kama inavyozama kwenye kiazi. Tukakata kipande kimoja katikati: nje kijani kisichofika unene wa ukucha, ndani nyeupe tupu yenye matundu ya wadudu. Upande wa jikoni mchwa walikuwa wamepanda ukutani mpaka kwenye mbao ya juu ya ukuta.

Gharama ya kurudia ni hii. Mbao mpya na usafiri 3,100,000. Fundi kubomoa na kupaua upya 1,400,000. Bati 22 zilizochanika wakati wa kung'oa, 704,000. Gipsamu 480,000. Misumari 150,000. Jumla 5,834,000, ukiacha zile 2,825,000 za mwanzo. Yote hiyo kwa ajili ya kuokoa laki sita.

Sasa niwaeleze dawa ya kweli inavyokuwa, maana ningelijua hili nisingenaswa. Mbao nyingi za huku kwetu ni za msindano, kutoka shamba la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi, Njombe na Makete. Msindano ni mti laini, wadudu wanaupenda, ndiyo maana unahitaji dawa. Dawa inayotumika sana ni ile wanayoiita CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Haipakwi kwa brashi wala haichovywi kwenye pipa. Mbao inatakiwa ikaushwe kwanza, iingizwe kwenye tanki la chuma, hewa inyonywe, kisha dawa isukumwe kwa presha mpaka iingie ndani ya nyuzi za mti. Mbao mbichi imejaa maji, dawa haina pa kuingilia. Kwa hiyo mtu akikuuzia mbao inayotona maji akasema ina dawa, hata kama aliipitisha kwenye tanki, kazi haikufanyika sawasawa.

Rangi ya kijani peke yake haithibitishi kitu. Kijana mmoja aliyewahi kupakia lori la huyu muuzaji alinieleza baadaye kwamba ni pipa lililopasuliwa katikati, maji na rangi ya unga, mbao zinalazwa dakika chache na kugeuzwa.

Ukinunua, kata mwenyewe. Usikate nchani, maana nchani hata rangi ya pipa hupanda kidogo kufuata nyuzi, na hiyo sampuli ya futi mbili aliyonitumia sijui aliitoa kwenye mzigo wa nani. Chagua mbao wewe, kutoka safu ya chini au ya katikati ya lori, ukate katikati ya urefu wake. Mti mchanga wa msindano hauna moyo mgumu mkubwa, kwa hiyo kijani kinatakiwa kiingie karibu kote. Ukiona utepe mwembamba pembeni na weupe katikati, lori ligeuze. Muuzaji mkweli atakubali upoteze mbao moja au mbili. Wa kwangu, fundi alipotaja msumeno, alisema kukata kunaharibu dawa. Neno hilo ukilisikia, funga mfuko.

Angalia pia duara za mti kwenye kichwa cha mbao. Zikiwa zimeachana sana na kiini kiko katikati, huo mti ulikatwa mdogo. Wakulima wengi huuza misindano kabla hata ya miaka 10 kwa sababu ada za shule hazisubiri, na sina la kuwalaumu. Lakini mbao hiyo ikikauka inajizungusha, na kenchi ikijizungusha inabeba bati lako pamoja nayo. Pima unene na upana kwa futikamba sehemu tatu tofauti. Mashine za dingdong zinaweza kupasua mbao nene huku na nyembamba kule. Siwasemi vibaya wenye dingdong, wapo wanaopasua vizuri sana, ila pima.

Usipokee mzigo giza likiwa limeingia. Kama lori limechelewa, lilale nje ya saiti mpaka asubuhi, na malipo ya mwisho yalale nayo. Dai risiti ya EFD inayotaja ukubwa na idadi, pamoja na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mzigo usio na hati hiyo unaweza kukamatwa njiani au hata kwako. Jina linalopokea hela liwe lile lililo kwenye risiti. Habari za mke, shemeji au mhasibu zikianza, simamisha malipo hapohapo.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi ya hela, naomba lisipite. Tulipopaua mara ya kwanza, vipande vilivyobaki tuliviwashia moto Juni na Julai yote. Mnajua baridi ya Isyesye na Uyole. Tulipikia maharage, tukaota moto na watoto. Zile mbao zilikuwa feki, sikujua, na sasa namshukuru Mungu kwamba hazikuwa na dawa. Mbao ya CCA ya kweli ukiichoma, moshi na majivu yake vina aseniki, na aseniki ni sumu. Usipikie, usiotee, majivu yake usimwage kwenye mboga, na pumba zake usitandikie kuku. Mafundi wengi wanawaachia mama lishe au majirani vipande hivyo kwa nia njema kabisa. Safari hii vyetu nimevifukia shimoni mbali na bustani, na fundi wangu sasa anavaa glavu na kufunika pua anapokata.

Kama umeshatapeliwa na mtu huyu au anayefanana naye, hifadhi meseji, sauti na miamala yote, nenda polisi upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Namba ya simu iliyotumika kutapeli unaweza kuituma kwenda 15040. Nenda pia ofisi ya TFS ya wilaya yako, ueleze mzigo ulikotoka. Mpaka sasa tumefahamiana watu watatu wenye malalamiko yanayofanana, mmoja wa Igurusi na mmoja wa Vwawa, na mpelelezi alituambia wazi kwamba mlalamikaji wa nne na wa tano watalipa shauri uzito. Kama lori lilikuja jioni, safu za juu nzuri, risiti "mbao mchanganyiko", na salamu za Kinyakyusa kwenye simu, tafadhali jitokeze kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukaandikishe maelezo.