Punguzo la kodi la sola Marekani: nililipata lote, lakini si ndilo linalonilipa leo

Kwa wasio na muda wa kusoma mpaka mwisho: ile asilimia 30 ya gharama ya kufunga sola, ambayo serikali kuu ilikuwa ikikupunguzia kwenye kodi, ilikuwa ya kweli na niliipata yote. Ila haikuja jinsi wauzaji walivyokuwa wakiiimba, na kwa anayefunga sola sasa haipo tena. Kinachoendelea kuniingizia ni mambo mawili ambayo wauzaji waliyapitia juu juu tu, yaani utaratibu wa mita na vyeti vya umeme wa jua vya jimbo ninaloishi, Maryland.

Nilifunga kilowati 8 mwaka 2023 kwa dola 24,000 taslimu, kazi na vibali vikiwemo. Asilimia 30 ya hapo ni 7,200. Ulipofika msimu wa ritani ulijaza fomu 5695, ile ya kudai punguzo hili, na kiasi hicho kilikatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato yanayotozwa. Kodi haikushuka chini ya sifuri, lakini salio la punguzo lilisogezwa mbele. Kodi yangu ya mwaka ule ilikuwa dola 4,900, ikafutika yote, zikabaki 2,300 nilizozitumia mwaka uliofuata. Kwa kuwa kazini walishanikata kodi kwenye mshahara mwaka mzima, zile 4,900 zilirudi benki kama marejesho.

Hapo ndipo wengi walipochanganyikiwa. Ulimsikia mtu akisema, "Mimi kila mwaka narudishiwa, sidaiwi kitu, hilo punguzo halinihusu." Lilimhusu sana, maana kilichoangaliwa kilikuwa kodi ya mwaka mzima na si kile unachodaiwa siku ya kujaza fomu. Aliyekuwa hatarini ni mwingine kabisa: mzee aliyestaafu, pensheni ndogo, kodi yake karibu na sifuri. Yeye aliahidiwa maelfu ambayo yasingemfikia, kwa sababu punguzo hili halikuwa la kumlipa mtu asiye na kodi. Wauzaji walilijua hilo vizuri tu.

Sasa nieleze habari ya mkopo, maana ndiyo iliyonifungua macho. Wa kwanza kuniletea hesabu alikuwa mtu wa kwetu, Kiswahili kimenyooka, tableti mkononi. "Kaka, serikali inakuwekea asilimia 30 mezani, unaiachaje?" Kwenye kioo malipo ya mwezi yameandikwa kwa tarakimu kubwa za kijani, riba ndogo ya kupendeza. Chini yake, kwa maandishi ya kijivu ambayo ilibidi niyavute kwa vidole viwili ndiyo yasomeke, kulikuwa na sharti: malipo hayo yanachukulia kwamba ndani ya miezi 18 utakuwa umerudisha kwenye mkopo fedha sawa na lile punguzo la kodi. Usiporudisha, malipo yanapanda. Kwa yule mstaafu wetu, huo ni mtego.

Nikamuuliza bei ya taslimu. Mfumo uleule, paneli zilezile, ulitoka dola 31,200 ukashuka hadi 24,000. Tofauti ilikuwa ada ya mkopeshaji iliyofichwa ndani ya bei ili riba ionekane ndogo. Si mambo ya muuzaji mmoja pia. Agosti 2024 CFPB, taasisi ya serikali kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, ilitoa ripoti ikieleza kuwa ada za namna hii mara nyingi zinapandisha bei kwa asilimia 30 au zaidi juu ya bei ya taslimu. Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 30 ya 31,200 ni 9,360, inaonekana umepunguziwa zaidi, kumbe unabaki na deni la 21,840 wakati kwa aliyelipa taslimu gharama inabaki 16,800. Sehemu kubwa ya punguzo, 7,200 kati ya 9,360, imeenda kwa mkopeshaji. Mimi nilichukua akiba niliyokuwa nayo, nikajazia kwa mkopo wa kawaida wa chama cha akiba na mikopo. Riba ilikuwa kubwa kuliko ile ya kijani, lakini hesabu ya jumla ilikuwa ndogo.

Punguzo liligusa paneli, inveta, nyaya, kazi ya mafundi na, kuanzia 2023, hata betri yenye uwezo wa kuanzia uniti 3 (kilowati-saa 3). Paa jipya la kawaida halikuingia, hata kama muuzaji aliapa.

Tuje kwenye jimbo. Maryland haitozi kodi ya mauzo kwenye vifaa vya sola, na paneli hazikuongezei kodi ya nyumba. Mita ndiyo tamu zaidi: uniti ninayosukuma kwenye gridi mchana inafidia uniti ninayovuta usiku, moja kwa moja. Bili haiishi kabisa, ada ya kuunganishwa ipo palepale kila mwezi, ila kiangazi mara nyingi hubaki hiyo tu. Halafu kila uniti 1,000 unazozalisha zinakupa cheti kimoja, ambacho kampuni za umeme zinanunua ili kutimiza matakwa ya sheria ya jimbo. Mimi nauza kupitia dalali. Bei inapanda na kushuka, kwa hiyo usiiweke kwenye bajeti ya karo. Na usidhani kila jimbo liko hivi. Wanaojiunga California tangu 15 Aprili 2023 wanalipwa kidogo sana kwa umeme wanaosukuma nje, ndiyo maana huko betri imekuwa karibu lazima.

Ile asilimia 30 ilipangwa kudumu hadi 2032. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikaikata, mwisho 31 Desemba 2025. Na kilichohesabiwa ni kazi kukamilika. Aliyelipa malipo ya awali mwaka 2025 paneli zikapandishwa Januari 2026, alikosa.

Wauzaji wamehamia kwenye kukodisha, kwa sababu kampuni inayomiliki paneli bado inaweza kudai punguzo lake la kibiashara, kwa masharti na tarehe zake. Ukiletewa mkataba huo, tafuta kwanza kipengele cha malipo kupanda kila mwaka, kisha kipengele cha kuuza nyumba, maana mnunuzi wako atatakiwa kukubali kuurithi mkataba au wewe uununue. Vyeti vya jua navyo kwa kawaida vinakwenda kwa mwenye paneli, na hapo mwenye paneli si wewe.