Nambari za kurasa kwenye PDF ya zabuni: zana ipi ya bure utumie?

Ukiomba tenda ya serikali hapa Kenya, usichukulie nambari za kurasa kama pambo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 74, inataka mwaliko wa zabuni uwe na sharti kwamba mwombaji atie kurasa zote nambari mfululizo. Anayeruka viambatisho vichache mwishoni anaweza kuondolewa hatua ya kwanza, kabla uwezo wake haujapimwa. Inauma sana, maana kazi yenyewe ni ya dakika chache na haina gharama.

Mimi naiweka PDF24 ya Ujerumani mbele ya zote. Haidai akaunti wala haikuwekei kikomo cha kurasa. Kubwa zaidi, ina programu ya bure ya kompyuta za Windows, PDF24 Creator, inayofanya kazi bila intaneti. Zabuni imebeba bei yako, na bei ni siri mpaka siku ya kufungua. Kwa nini uipandishe kwenye seva ya mtu usiyemjua?

Ya pili ni iLovePDF, hasa kwa anayefanyia kazi kwenye simu. Unachagua nambari ikae wapi, ianze ukurasa upi na iishie upi, na hesabu ianzie ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia: zabuni ikigawanywa majuzuu mawili na la kwanza likaishia 180, la pili unalianzisha 181.

Sejda ni nzuri, ila huduma yake ya bure inaishia kurasa 200 au MB 50, na zabuni ya ujenzi huvuka hapo kwa urahisi. Inaweza kuweka nambari za Kirumi, kwa hiyo mwanafunzi wa tasnifu angeipa nafasi ya kwanza. Ya Adobe naiweka mwisho: matokeo ni safi, lakini itakutaka uingie kwa akaunti kabla ya kupakua.

Word na Google Docs zinatosha kwa barua uliyoichapa mwenyewe. CR12 (hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni), cheti cha KRA, yaani mamlaka ya ushuru, na hesabu zilizokaguliwa huja tayari zikiwa PDF au skani, na hapo ndipo zana hizi zinapohitajika.

Unganisha faili zote kwanza, ndipo utie nambari. Ukianza na nambari, cheti kimoja kilichosahaulika kitakulazimisha kurudia kazi yote. Angalia pia ukubwa wa kurasa: skani ya simu mara nyingi huwa na ukurasa mpana kuliko A4, na nambari ikichapishwa inatoka ndogo kama chawa. Zigeuze zote ziwe A4 kabla ya kuanza. Nambari ikae juu kulia, kwa sababu chini ndiko mihuri na sahihi za wakili hukaa, na nambari iliyopandana na muhuri haisomeki.

Hati yenye sahihi ya kidijitali usiiguse baada ya kutiwa sahihi, kwani badiliko lolote, hata nambari, huifanya sahihi ionekane batili. Mwombe mhusika atie sahihi baada ya nambari kuwekwa. Ukimaliza, fungua faili upekue ukurasa mmoja mmoja, pamoja na ule mtupu ulio nyuma ya cheti, kwa maana nao ni ukurasa.