Mark X nyeusi na madoa ya mvua: laki ya kwanza nilitupa, laki mbili na nusu nilizolipa baadaye sijutii

Wenye gari nyeusi mtanielewa. Jioni ikishaoshwa ni bibi harusi, saa 6 mchana jua likiipiga unatamani uifunike kanga. Yangu ni Toyota Mark X ya 2007, rangi namba 202, nyeusi tii isiyo na chengachenga, na kwa miaka mitatu nimeitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe, mke wangu ni shahidi.

Mwezi wa 11 tukapata msiba Mbeya, gari nikaiacha wiki mbili kwenye uwanja wa wazi karibu na barabara ya Mandela, Dar, bila turubai bila nini. Wanaopita pale wanajua, lori za bandarini usiku na mchana, moshi mweusi, vumbi, na kunguru kwenye nyaya wamejipanga kama wanasubiri mshahara. Siku hizohizo ndo mvua za vuli zikaanza, na ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaijua, ukikinga ndoo unapata chai. Ikanyesha kidogo, jua likawaka, ikanyesha kidogo tena, jua. Nimerudi nakuta boneti, paa na buti vimejaa viduara vyeupevyeupe, mamia, hadi milangoni vipo, kama mtu kanyunyizia gari maji ya chumvi akaenda zake. Nikaosha, havitoki. Nikaosha na sabuni ya unga (msifanye hivyo jamani, nilikuwa na hasira), havitoki. Nikapitisha ukucha kwenye duara moja nikasikia kabisa kuna ukingo. Hapo moyo ukaenda mbio.

Sehemu ya kwanza niliyopeleka siitaji, ila walikuwa na mabango makubwa na kiyoyozi cha kusubiria na chai ya bure. Kijana akaangalia sekunde kumi akasema "hii ndogo bosi, laki moja tu, inarudi mpya". Mashine ile kubwa ya mzunguko, sponji moja kwa gari nzima, masaa mawili kwisha. Na kweli gari ilitoka inang'aa, nikapiga picha, nikapost, watu wakanisifia. Nimeosha mara mbili tu, viduara vyote vimerudi mahali pake kama wapangaji waliotoka kwenda sokoni, na sasa juu yake kuna nyuzi za buibui zinazozunguka ukiangalia kwenye taa ya sheli. Baadaye ndo nikaja kuelewa walichofanya, walinipaka kitu chenye mafuta kinachojaza mashimo, kama poda kwenye kovu. Ukinawa uso, kovu lipo palepale.

Katikati hapo nikajaribu mwenyewe, nikanunua Meguiar's Ultimate Compound, ile chupa ya 450 ml. Niseme ukweli wangu kuhusu hii dawa maana wengi mnauliza: ni nzuri, sio ya kukwaruza kama kompaundi za zamani zile za kopo nyekundunyekundu, chembechembe zake ni ndogo sana, inaacha rangi safi. Lakini kwa mkono, kwa madoa yaliyochimba, utaumwa bega. Nilisugua kipande cha sentimita 30 kwa 30 jioni nzima, vidogo vikapotea, vikubwa vikapungua ukali vikabaki. Kama una viduara vichache vipya inunue, kama gari nzima imeliwa tafuta mtu mwenye mashine na akili, tena akili iwe nyingi kuliko mashine.

Mshikaji wangu mwenye Crown ndo akanielekeza kwa huyu fundi wa pili. Simtaji jina kwa sababu aliniomba, anafanya peke yake nyuma ya nyumba huko Sinza na hataki foleni. Hana bango, hana kiyoyozi, unakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuku wa jirani wanapita chini ya gari. Tulikubaliana saa 2 asubuhi akafungua geti saa 4, hiyo nyota moja namkata hapohapo.

Ila alivyoanza nikatulia. Dakika arobaini hajagusa mashine. Kaosha, kamwagia maji yenye bekingi soda kidogo, kasuuza, kakausha, akatoa tochi anainama anaangalia mlango hadi mlango kama daktari wa ngozi. Halafu akachukua siki, siki hii ya kachumbari, kachanganya na maji nusu kwa nusu, kalowesha kitambaa akakiweka mlangoni dakika moja hivi. Akafuta, akasuuza. Madoa ya mlangoni yameondoka!

"Kaka unaosha wapi?"

Nikamtajia kawoshi yangu ya mtaani.

"Wanatumia maji ya kisima. Wanakukaushia au wanaacha jua likaushe?"

Nikanyamaza, maana jibu tunalijua wote.

Kumbe nusu ya madoa niliyokuwa nayalaumu mvua hayakuwa ya mvua, ni chokaa na chumvi za kisima zimeganda juu ya rangi, na hizo asidi laini kama siki inaziyeyusha. Akaweka kitambaa kilekile kwenye boneti, akafuta, viduara vipo. "Haya sasa ndo ya mvua, haya hayako juu ya rangi, yako ndani." Akanielezea vizuri kweli, kwamba hata mvua safi ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi, kikishuka ndo asidi inazidi) kama 5.6 hivi kwa ajili ya kaboni ya hewani, ila ikipita kwenye moshi wenye salfa na naitrojeni inafika chini na asidi ya kweli. Na tone likiwa bichi halina shida sana, shida ni linapokauka, maji yanaondoka asidi ya salfa haiondoki, inazidi kukolea kwenye katone kanakozidi kuwa kadogo, juu ya bati jeusi ambalo saa 7 mchana huwezi kuweka kiganja. Hapo ndo inakula. Kunguru nao kinyesi chao kinafanya kazi hiyohiyo, tena haraka zaidi. (Nilivyorudi nyumbani nikasoma kidogo, kule Marekani kampuni za rangi huwa zinapeleka vibati vya majaribio Jacksonville, Florida, viachwe nje kipindi cha joto vipigwe na mvua na jua, kuona rangi ipi itapona. Mimi nimefanya jaribio hilohilo barabara ya Mandela bure kabisa.)

Kwa hiyo hoja yake ilikuwa hii, na ndo nataka muielewe kabla hamjauziwa chupa ya maajabu: shimo halioshwi. Hakuna dawa inayotoa shimo. Unachoweza ni kushusha rangi inayolizunguka mpaka usawa uwe mmoja, na rangi ni nyembamba. Akatoa mageji ya kupimia unene. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya chini kabisa) mpaka juu, kwangu ilisoma 105, 110, 112 maikroni, unywele wa kichwani unaweza kuwa mzito kuliko hapo. Madigadi ya kushoto ikasoma 260. "Hii ilipigwa rangi huko ilikotoka." Na karatasi ya mnada gari ilikonunuliwa iliniambia haijawahi kuguswa, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ukingoni mwa boneti, upande wa dereva, ikasoma 78, na hapo akaguna. Wale wa laki moja walilalia mashine kwenye kona. Akasema pale hapitishi mashine.

Akasugua klei (kidonge laini kama udongo kinachonasa uchafu ulioganda) gari nzima, tope iliyotoka sitaki kuizungumzia, akabandika tepu kwenye mipira na kona, akachagua kipande kama sentimita 50 katikati ya boneti akaanza na polishi laini kabisa na sponji laini. Akaangalia, haijatosha. Akapanda hatua moja, akatumia kompaundi yangu ileile na sponji ngumu kidogo, kwenye mashine ya kutikisika sio ile ya kuzunguka tu. Sponji ikawa nyeusi tititi! Nikaruka kwenye ndoo, "fundi unanimalizia rangi!" Akacheka. Akanionyesha kile kibati cha gari, imeandikwa 202, akasema Toyota nyingi za miaka hiyo zenye 202 hazina klia (ile tabaka ya juu isiyo na rangi), ni rangi yenyewe tu, kwa hiyo lazima sponji ichafuke. Ingekuwa na klia mabaki yangekuwa meupemeupe. Ndo maana pia inachubuka ukiifuta tu na taulo kavu. Miaka mitatu ninayo na nilikuwa sijui, na wale wa kiyoyozi sidhani hata waliangalia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, kila akimaliza kipande anafuta na spiriti iliyochanganywa na maji, mafuta yote ya polishi yanaondoka, halafu ndo anaangalia na tochi. Kama doa limejazwa tu litajitokeza hapohapo mbele ya macho yako, sio kesho kutwa ukiwa umeshalipa. Ukienda popote kupiga polishi waambie wafute na spiriti kabla hujatoa hela, ukiona wanaanza maneno mengi, ondoka.

Viduara vinne vilivyochimba sana alivipiga msasa wa maji namba 3000 kwa ncha ya kidole, taratibu, anapima, anasugua, anapima, kisha mashine. Masaa tisa jumla, tumekula chipsi mayai palepale. Mwisho akapaka waksi akaniambia hii haizuii asidi, inakununulia muda tu, kwa hiyo mvua ikikuta gari nje suuza siku hiyohiyo na maji ya bomba, na kinyesi cha ndege usisubiri jumapili.

Matokeo: boneti na paa naweza kusema asilimia tisini na kitu ya madoa hayapo, zile nyuzi za buibui hazipo kabisa. Sasa ni wiki ya saba, imeshanyeshewa na kuoshwa mara nyingi, hakuna kilichorudi. Kero zangu ni kuchelewa, na aliacha unga mweupe wa kompaundi kwenye mipira ya madirisha ya nyuma nikautoa mwenyewe na mswaki. Halafu risiti hana, ukitaka risiti ya ofisi sahau.

Na viduara vitatu vipo, pale kwenye kona ya 78. Nilimuomba avitoe, nikaongeza na elfu 20, akakataa, akasema hiyo kona ikifika kwenye praima hela ya kupiga boneti rangi utaitafuta wewe, sio mimi. Nilinuna kidogo siku ile.

Juzi shemeji yangu naye akapeleka Tiida yake ya silva, ana madoa gari nzima, ameshajiandaa na laki mbili na nusu mfukoni. Fundi kaweka kitambaa cha siki, kafuta, kapima, akamwambia dada hii ya kwako ni kisima kitupu, nipe elfu 40 ya kuosha na uhame kawoshi.