Uzoefu wangu: jino la chonge lililolala ndani ya taya, na huduma ya kulivuta

Binti yangu alitimiza miaka 12 akiwa bado na jino la chonge la utotoni upande wa kushoto wa taya la chini, ilhali la upande wa kulia lilikwisha kung'oka na la kudumu kusimama mahali pake. Hatimaye tulihudumiwa katika kliniki ya daktari bingwa wa kupanga meno hapa Dar es Salaam. Wazazi wanaoniuliza kuhusu huduma hiyo huanza na bei ya nyaya za kunyoosha meno, lakini kwa maoni yangu sehemu yenye thamani kubwa zaidi ni uchunguzi uliotangulia nyaya hizo.

Kabla ya hapo, mahali pengine alipigwa eksirei ndogo inayoonesha meno mawili matatu tu, na kwa kuwa chini ya lile jino la utotoni hapakuonekana kitu, tukaambiwa kwamba huenda mtoto alizaliwa bila jino la kudumu. Kliniki hii haikuridhika na jibu hilo. Binti yangu alisimamishwa, akang'ata kijiti cha plastiki, mashine ikamzunguka kichwa kwa sekunde chache, na picha ya taya zima ikatokea kwenye kompyuta. Jino lilikuwepo. Lilikuwa limelala karibu mlalo chini ya mizizi ya meno ya mbele, ncha yake ikielekea katikati ya kidevu.

Daktari aligeuza kompyuta tuone wote, akatueleza jino hilo linaanzia wapi. Kichipukizi cha jino la chonge la chini hukaa ndani sana, karibu na ukingo wa chini wa taya, chini kuliko vichipukizi vya meno jirani. Huanza kuwa kigumu mtoto akiwa na umri wa miezi minne au mitano, taji lake, yaani sehemu ya juu inayokuja kuonekana mdomoni, hukamilika kwenye miaka 6 au 7, na kwa kawaida hutokeza kwenye fizi kati ya miaka 9 na 11. Kwa hiyo lina safari ndefu ya kupanda, na likianza safari hiyo likiwa limeinama, au likizuiwa na uvimbe mdogo au jino la utotoni lisilong'oka kwa wakati, linaweza kwenda upande badala ya kwenda juu. Mengine huvuka hata mstari wa katikati ya kidevu, na yakivuka huendelea kuhudumiwa na mshipa wa fahamu wa upande yalikotoka, jambo ambalo mpasuaji asipolikumbuka atachoma ganzi upande usiohusika. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo hasa hakijulikani, na nilipenda kwamba daktari alilisema hilo waziwazi bila kutafuta wa kulaumiwa.

Aliniuliza pia, kwa upole, “Mama, alipokuwa mchanga aliwahi kutolewa meno ya plastiki?” Hakuwahi, ingawa bibi yake, anayeamini kwamba “meno” hayo kwenye fizi ndiyo humuuguza mtoto mchanga na yanapaswa kuchokonolewa, alilishikilia sana jambo hilo wakati mtoto alipokuwa na homa na kuharisha. Daktari akasema kwamba ule weupe unaovimba kwenye fizi ya mtoto mchanga ni jino la chonge la utotoni linalosubiri kutoka, na anayelichokonoa anaweza kukijeruhi au kukisukuma kichipukizi cha jino la kudumu kilicho jirani nalo. Hospitali zetu zimelikataza jambo hili kwa miaka mingi, lakini mimi sikuwahi kuoneshwa sababu yake kwenye picha namna ile.

Kwa kuwa jino halikuwa limevuka katikati, lilipangwa kuvutwa. Jino la utotoni liling'olewa, fizi ikafunguliwa kwa ganzi, kisha kwenye taji la jino lililofichika kikagundishwa kibati chenye mnyororo mwembamba kama wa kidani cha mtoto, ukafungwa kwenye nyaya. Siku za mwanzo alivimba kidevu, akaishi kwa uji na mtori, na kusukutua kwa dawa kukawa ugomvi wa kila jioni. Baada ya hapo maumivu yalikuja kila mnyororo ulipokazwa, yakatulia yenyewe. Jino sasa limetokeza, bado limepinda kidogo, na nyaya zinaendelea.

Kasoro ninayoiona ni upande wa malipo. Makadirio tuliyopewa mwanzoni hayakutaja upasuaji wala ukazaji wa kila mwezi, na bima yetu ililipia eksirei na kung'oa tu, ikakataa nyaya. Foleni za Jumamosi nazo ni ndefu kupita kiasi, kwa hiyo sasa tunakwenda katikati ya wiki baada ya shule. Anayetaka kwenda aombe mchanganuo wa gharama kwa maandishi, unaojumuisha kifaa cha kushikilia meno baada ya nyaya kutolewa, na aondoke na nakala ya picha ya taya zima, maana kliniki haiitoi isipoombwa.