Niliita fundi wa mashine ya kufulia, akamtuhumu binti wa watu

Kwa haki nianze na mazuri yao. Karakana niliyoipigia, mojawapo ya zile zinazotuma mafundi majumbani hapa Dar es Salaam, ilipokea simu yangu mara moja, fundi akafika siku aliyoahidi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa na akaja na mkoba wa vifaa uliopangika vizuri. Mtu aliyewahi kumsubiri fundi anayesema "niko njiani" tangu asubuhi hadi magharibi ataelewa kwa nini mambo hayo nayahesabu. Nilipoketi kuandika nilikuwa nimekusudia kusema kwamba wana kasoro, lakini wanaweza kumfaa mtu mwingine.

Mashine yetu ni ya mlango wa mbele na imetufulia kwa miaka kadhaa bila usumbufu. Wiki moja ya masika, wakati nguo zimetanda kwenye viti kwa sababu kamba za nje zilikuwa hazikauki, ilisimama katikati ya kazi. Ilikuwa imejaza maji na imefua, lakini iligoma kuyamwaga. Mlango wake haufunguki kukiwa na maji ndani, kwa hiyo sare za shule za watoto zilibaki zikielea nyuma ya kioo, kwenye maji ya kijivu yenye povu, nasi tukizitazama. Niliizima, nikachomoa waya, nikaiwasha tena. Ikanguruma chini kwa sekunde chache kisha ikanyamaza.

Fundi alifungua mfuniko wa juu, akamulika kwa tochi ya simu, na hata dakika kumi hazikupita akatamka kwamba bodi, ile saketi ya umeme inayoiongoza mashine, imeungua. Bei ya bodi pamoja na kuifunga ni shilingi 420,000, nusu yake ilipwe kwanza. Hiyo ni mbali na shilingi 30,000 za kuja kuangalia, ambazo nilikuwa nimekwisha kuzituma kwa simu kabla hajaondoka kwao. Alisema sababu ni umeme kupanda na kushuka, nami nikamwamini, kwa maana jambo hilo tunalijua: umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, vitu huungua, na bodi za mashine hizi haziuvumilii mchezo huo. Nilianza hata kupiga hesabu ya mchezo wetu wa kuchangiana fedha kazini, ni lini zamu yangu ya kupokea itafika.

Kisha akauliza, "Nani anaitumia mashine hii kila siku?"

Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika beseni tupu, kwa sababu alidhani maji yangetolewa na angehitajika kuyapokea. Akajibu kwa adabu, "Ni mimi, kaka." Yule fundi hakumtazama. Alinigeukia mimi akasema, "Mama, mimi nimezunguka nyumba nyingi. Mashine hizi zinauliwa na hawa mabinti wa kazi. Wanabonyezabonyeza tu. Wewe mkate kidogo kidogo kwenye mshahara, hela ya bodi itarudi yenyewe."

Aliyasema hayo mbele yake, kwa sauti ya kawaida, huku akifunga mkoba. Nami nilinyamaza. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu lilikuwa jukumu langu kumjibu papo hapo, lakini nilikuwa nikiwaza zile laki nne, na nilipogutuka mtu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Usiku ule nilisikia maji uani. Nilipotoka nilimkuta binti amechuchumaa gizani, anafua mashuka kwa mikono, na aliponiona alisema tu kwamba mashine hataigusa tena, maana mshahara wake ndio anaoutuma nyumbani kwao.

Bodi sikuilipia. Siku mbili tatu baadaye jirani alinielekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza friji mtaani kwetu, mtu asiye na kadi wala tangazo. Yeye hakufungua mfuniko wa juu. Alituuliza kwanza mashine ilifika wapi ilipogoma, na swali hilo alimwuliza binti, si mimi, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Binti akaeleza: ilijaza maji, ikazungusha nguo, ulipofika wakati wa kumwaga ikanguruma ikaacha. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, bodi iliyokufa isingekuwashia taa wala isingekujazia maji. Hii imeshindwa kumwaga tu. Nileteeni sinia na matambara."

Akachomoa waya kwenye soketi, akaketi sakafuni, akabandua kwa ncha ya bisibisi kile kidirisha kidogo kilichoko chini mbele ya mashine, pembeni, ambacho kwa miaka yote hiyo nilidhani ni urembo. Nyuma yake kuna kizibo kikubwa cha kuzungusha, nacho ndicho chujio la pampu ya kutolea maji. Alikilegeza kidogo kidogo kwa kukizungusha kushoto, maji yakatiririka kwenye sinia, binti akawa anayabeba na kuyamwaga, sinia baada ya sinia, mpaka yakakoma. Chujio lilipotoka lilikuwa limevikwa nyuzi na nywele zilizogandamana kwa sabuni, ndani yake mna sarafu ya shilingi 200 na kifungo cha shati la shule. Bado hakuridhika. Aliingiza kidole ndani ya tundu, akajaribu kukizungusha kile kifeni kinachosukuma maji, kikagoma. Akaomba taa, akainama mpaka shavu likagusa sakafu, akaingiza koleo jembamba na kutoa pini.

Ilikuwa pini yangu ya ushungi, ile yenye kichwa cha lulu. Nilikuwa nimeiacha kwenye mtandio na kuutupia kapuni, ikapenya kwenye matundu ya ngoma inayozungusha nguo, ikashuka hadi kwenye pampu na kukwama kwenye kifeni. Nilimwita binti palepale mbele ya mzee, nikamwonyesha, nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo na kwamba naomba radhi kwa kunyamaza siku ile. Aliitazama ile pini kwa muda mrefu.

Kazi yote ilichukua kama nusu saa, na mzee alidai shilingi 15,000. Kabla ya kuondoka alimwelekeza binti namna ya kufungua chujio hilo mwenyewe kila baada ya wiki chache, akasisitiza kwamba waya uchomolewe kwanza, na kama mashine imetoka kufua kwa maji ya moto, ayaache yapoe.

Niliipigia simu ile karakana. Dada aliyepokea alikuwa mpole, alinisikiliza hadi mwisho, na zile 30,000 zikarudishwa siku hiyohiyo bila ubishi. Nikiri kwamba hilo sikulitarajia, na ni hilo lililonifanya nikusudie kuandika kwa upole. Nilimwambia kwamba fedha nimeipokea, lakini ninachokihitaji ni fundi wake azungumze na binti, amwombe radhi kwa mdomo wake. Akaniunganisha naye. Jibu lake lilikuwa hili: "Mama, si umerudishiwa hela yako? Yule ni dada wa kazi tu, mbona unalikuza?"

Hapo ndipo ninapoyafuta niliyoyasema juu kuhusu kumfaa mtu mwingine. Kukosea kutambua ubovu ninaweza kusamehe, kwa sababu hata daktari hukosea, ingawa fundi anayesema bodi imeungua bila kufungua chujio, kazi ya kwanza kabisa kwa mashine isiyomwaga maji, hajakosea bali hajafanya kazi. Lakini mtu anayeingia nyumbani mwa watu, akaona asiye na sauti, akamtwika gharama ya shilingi 420,000 ili maelezo yake yapate pa kuegemea, huyo sitamfungulia mlango tena, na ninawasihi nanyi msimfungulie, hata akija na mkoba uliopangika namna gani. Nyumba ngapi nyingine alizozunguka wamemsikiliza, wakakata mshahara wa mtoto wa watu mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya bodi nzima isiyo na dosari?

Mashine sasa inafua na kumwaga maji kama zamani. Juu yake kuna kopo ambamo kila mtu wa nyumba hii, kuanzia mimi, anatia pini na sarafu kabla nguo hazijaingia. Binti amekubali kuitumia tena, lakini hadi leo akishaiwasha haendi kukaa. Husimama mbele ya kioo, mkono juu ya mfuniko, mpaka asikie maji ya mwisho yakitoka.